Nishushie Hiyo Gari

Pale Mbinga, mtu wa umri wa Wendelini Kapinga hununua pikapu. Akishauza kahawa miaka kadhaa, akafungua duka la mabati na misumari, akaozesha mabinti na kuota mvi za kupewa kiti cha mbele kanisani, hununua pikapu ya kubebea saruji na wafiwa, akatulia. Wendelini yeye alinunua gari jekundu la michezo, la Kijapani, la milango miwili, la zamani kiasi kwamba kitinda mimba wake alikuwa mdogo kwalo. Saruji halikubeba. Wafiwa liliwabeba wawili wawili, tena wenye miguu mifupi.

Mkewe Celestina hakugomba. Celestina ni Mnyasa wa Mbamba Bay, na Wanyasa wameoana na Wamatengo muda wa kutosha kujua kwamba Mmatengo akishapanda mlima wake hagombezwi. Anasubiriwa ashuke.

Mlima wa Wendelini ulikuwa Siku ya Mapipa. Mara moja kwa mwaka, wenye magari ya namna hiyo kutoka Songea, Njombe na Iringa hukutana kwenye uwanja wa zamani wa ndege wa shamba moja la tumbaku, upande wa Namtumbo. Hupanga mapipa wakatengeneza njia yenye kona, kisha kila mmoja huingia peke yake na kuzunguka kwa kasi aliyojaliwa, wenzake wakimtazama huku wakila mishikaki. Zawadi hakuna. Kuna maneno tu, na maneno ya wanaume wanaokula mishikaki yanaweza kumfanya mtu ahame mkoa.

Mwaka uliotangulia Wendelini alizunguka vizuri mizunguko ya kwanza. Halafu breki zikapata moto, pedali ikazama kama ameukanyaga ugali, gari likapita pipa la mwisho, likapita watazamaji waliokuwa na akili ya kukimbia, likaenda kusimama juu ya jiko la mishikaki. Hakuna aliyeumia. Lakini tangu siku ile Edmund, rafiki yake wa Songea, akamwita Bwana Mishikaki, na jina lile likashika kuliko breki zake zilivyowahi kushika.

Basi mwaka mzima Wendelini akawa mwanafunzi. Alijifunza kwenye simu, dukani, wateja wakisubiri misumari. Akaagiza diski pana zenye matundu ya kupitisha hewa, padi ngumu za mbio zisizoogopa moto, mipira ya breki iliyofumwa kwa waya, na mafuta ya breki yasiyochemka upesi. Alipokwisha agiza vya breki akahamia miguuni: bushi mpya, shokapu ngumu, stabilaiza nene ili gari lisilale upande kwenye kona. Kazi yote aliifanya Nazari, fundi wa kutoka Maguu, mtu wa maneno machache ambaye ukimwambia fungua anafungua na ukimwambia funga anafunga, wala hakuulizi kwa nini.

Baada ya hapo ikaja zamu ya uzito. Wendelini alitoa tairi la akiba, akatoa redio, akatoa mazulia, na mwisho akang'oa kiti cha nyuma chote, likabaki bati tupu. Kiti kile kiliwekwa barazani. Celestina alikipenda. Alikaa hapo kuchambua maharage, na mtu akimpongeza kwa kiti kizuri alijibu, "Hii ndiyo sehemu ya gari iliyoangukia kwangu. Haina haraka."

Likabaki jambo moja tu, kulishusha. Springi fupi zilikwisha fika kutoka Dar es Salaam, zikakaa ndani ya boksi, na boksi likakaa kwenye buti. Gari likivishwa springi fupi linainama karibu na ardhi, na likiinama halipepesuki kwenye kona. Kwa hiyo nyumbani kwa Wendelini neno likawa hilo. Nikishaishusha, mtaona. Isiposhushwa, kazi yote bure. Alisema hivyo mezani, alisema hivyo akinawa, na Celestina aliapa kwamba aliwahi kusema hivyo usingizini, tena kwa sauti ya upole ambayo yeye hakuisikia tangu uchumba.

Sasa, wiki ile ile ya Siku ya Mapipa, madaktari wa macho walikuwa wamekuja hospitali ya Litembo, na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yao ya mwisho ya kupokea wagonjwa. Mama yake Celestina, Mama Gertruda, alikuwa chini ziwani na mtoto wa jicho macho yote mawili. Alitofautisha mchana na usiku, na mlango na ukuta, basi. Walikwisha mwambia kwamba macho yale yanatibika kwa kazi ya muda mfupi, lakini yakiachwa zaidi huenda yasitibike tena. Na madaktari wale wangerudi lini, hakuna aliyejua.

"Mpeleke mama Jumamosi," Celestina alimwambia mumewe.

"Jumamosi? Jumamosi unajua niko wapi. Apande basi na mdogo wako Oliva."

"Mama hapandi basi kwenda hospitali. Hilo nalo unalijua."

Alilijua. Sababu hakuwahi kuiuliza. "Basi awamu nyingine," akasema. "Macho hayakimbii."

Celestina aliokota jiwe kwenye maharage, akalitupa nje. "Sawa, baba. Gari yako itaziona kona vizuri, na mama atasimuliwa."

Wendelini aliondoka pale na kitu kimemkwama rohoni. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililomtaabisha, maana mtu mbaya angeondoka akipiga mluzi. Akajiambia atamhudumia mama mkwe wiki itakayofuata, vizuri tena, kwa utulivu. Kisha akapanda gari la abiria kwenda Songea kuchukua matairi mapya yaliyokuwa yanamsubiri huko.

Akiwa Songea alimpigia simu Nazari. Mtandao ulikuwa unakuja na kwenda.

"Nazari, breki vipi?"

"Zimekwisha, mzee. Pedali ngumu kama jiwe."

"Safi sana. Sasa nishushie hiyo gari."

"Niishushe, mzee?"

"Ishushe. Jumamosi nataka iwe chini kabisa."

"Chini kabisa."

"Kabisa. Watu wakiiona washangae."

"Watashangaa, mzee. Na hili boksi lililomo kwenye buti?"

"Si ndilo lenyewe! Linakwenda na kazi hiyo hiyo."

"Nimekupata, mzee. Na hizi padi mpya nizizoeshe kushika humo humo?"

Wendelini alisema zizoeshe, akakata simu ameridhika. Kwa mara ya kwanza mwaka ule alikuwa na fundi asiyembishia.

Ijumaa mchana akarudi Mbinga na matairi yake. Gereji ya Nazari ilikuwa na Fuso moja lililofunguliwa kifua, na pikipiki tatu. Jekundu hakuna.

"Shikamoo, mzee," Nazari alisema akijifuta mikono.

"Marahaba. Gari iko wapi?"

"Nimeishusha, mzee."

"Vizuri. Iko wapi?"

"Chini."

"Naelewa iko chini. Chini wapi?"

Nazari alimtazama kwa huruma, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. "Chini, mzee. Mbamba Bay. Nimeipaki pale kwa mama mkwe wako, na boksi limo kwenye buti kama ulivyosema. Ufunguo nimemwachia shemeji yako Oliva. Breki zimezoea njia nzima, mteremko wote. Kazi nzuri sana, hongera."

Wendelini alikaa juu ya tairi. Nazari hakuwa na kosa, na hilo ndilo lililouma. Mbinga kuna juu na kuna chini. Juu ni milimani kwenye kahawa na baridi, chini ni ziwani. Mtu akisema ameshusha mahindi, ameyapeleka Mbamba Bay. Akisema amepandisha usipa, wale dagaa wa ziwani, ameutoa huko. Na pale gereji, kwa barabara za Maguu na Kingerikiti, watu huenda kuomba magari yao yainuliwe. Hakuna mtu mwenye akili zake aliyewahi kuomba gari lake lisogezwe karibu zaidi na mawe. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na Wendelini alikuwa amejikwaa ulimi mpaka ziwani.

"Hukumuuliza hata mke wangu?" akasema.

"Nilimuuliza, mzee. Nikamwambia, mzee kasema niishushe gari. Akasema, kama kasema shusha, shusha."

Muda wa kuchunguza jibu hilo haukuwepo. Wendelini alipiga hesabu: ashuke leo hii kwa gari la abiria, alale huko, jogoo akiwika aondoke, apite Mbinga avishwe matairi, na kabla jua halijawa kali awe uwanjani. Springi basi, zitasubiri. Aliyaacha matairi kwa Nazari, akashuka.

Alilikuta gari mbele ya nyumba ya mama mkwe, kati ya chanja mbili za usipa, limeoshwa na watoto mpaka linang'aa. Oliva, mdogo wake Celestina, alikuwa mlangoni akimsubiri kwa furaha ya shemeji aliyepata la kusema.

"Karibu, shemeji. Gari imetangulia na fundi, mwenyewe umefuata na basi. Siku hizi ndiyo mtindo huko juu?"

"Oliva, niache. Lete ufunguo."

"Ufunguo anao mama. Usiku kalala nao."

Mama Gertruda alikuwa ameketi mkekani, nywele zimesukwa upya. Wendelini alichuchumaa mbali, kama mkwe anavyotakiwa, akaangalia pembeni, kwa sababu katika ukoo ule mkwe mwanamume hakai kiti kimoja na mama mkwe wala hamkodolei macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekuja."

"Nimekuja, mama. Ee, mama, kuhusu hii gari..."

"Najua. Nimeishika." Aliinua viganja vyake. "Jana ilipofika nimeizunguka yote kwa mikono. Ni fupi. Nikamwambia Oliva, mkwe wangu kanunua gari ya kimo changu."

Oliva alicheka mpaka akashika mlango. Mama Gertruda naye alitabasamu, kisha akaacha.

"Watu wa hapa walisema nimekuwa mkaidi kwa sababu ya basi," akasema. "Si basi. Baba yake Celestina alipougua tulimpandisha na basi, peke yake na vidonge vyake, maana sote tulikuwa na shughuli. Tukasema tutamfuata. Hakuna aliyewahi. Akafia njiani kati ya watu asiowajua. Ndiyo nikasema, mimi huko juu sipandi mpaka aje wa kwetu kunichukua. Sikutaja nani. Nikakaa. Na jana nikasikia gari mlangoni, wanasema ni ya mkwe wangu."

Wendelini alikuwa na sentensi yake tayari. Aliitengeneza njia nzima, kuanzia Mbinga mpaka ziwani: mama, kesho nina safari ya lazima, Oliva atakupeleka na gari zuri la abiria, kiti cha mbele, mimi nitakuja kukuona hospitali jioni. Ilikuwa sentensi nzuri, yenye heshima, na haikutoka.

Aliondoka kwenda kusimama nyuma ya nyumba apate ujasiri wa kuisema. Aliporudi alimkuta mama mkwe amesogezewa beseni la mbasa, samaki wa ziwani, anawaparua mwenyewe kwa kisu kidogo. Walikuwa wa mchuzi wa kumpelekea Celestina. Mama haendi kwa binti yake mikono mitupu, hata akienda hospitali. Oliva alitaka kumsaidia, akakatazwa. Vidole vya mama vilikuwa vinatafuta pezi taratibu, vikalipata kwa kuchomwa. Alinyonya damu, akatafuta pezi la pili.

Wendelini aliona aibu. Aliona aibu ya kweli, ya mtu aliyejua kila kitu kuhusu moto wa breki na hakuwahi kuuliza kwa nini bibi mmoja hapandi basi. Akatoa simu akamwandikia Edmund neno moja, siji.

Jibu lilikuja upesi. "Breki tena, Bwana Mishikaki?"

"Breki ziko sawa," Wendelini akaandika. "Zimeshika."

Alfajiri kukaibuka jambo ambalo hakulifikiria. Oliva alifungua mlango wa gari, akakunja kiti cha abiria, akaingiza kichwa nyuma, akakitoa.

"Shemeji, kiti cha nyuma kiko wapi?"

"Nimekitoa. Kupunguza uzito."

"Uzito wa nani?"

Wote watatu walisimama. Nyuma bati tupu lenye kutu kidogo, mbele viti viwili vilivyokaribiana mpaka mabega ya watu wazima lazima yagusane. Mkwe na mama mkwe, bega kwa bega, mpaka Litembo. Angeweza kuonekana na mtu yeyote wa ukoo.

"Basi mimi nitakaa mbele," Mama Gertruda alisema.

"Mama," Oliva akasema kwa sauti ndogo.

"Mama nini? Adabu inavunjwa na macho, na yangu yamefungwa. Usiogope, baba, sikuoni." Akapapasa ukingo wa paa, akajikunja. "Mtaka cha uvunguni sharti ainame." Akaingia, akavuta khanga kichwani upande wa dereva, akanyoosha mikono apewe sufuria. Ilikuwa sufuria ya mchuzi wa mbasa, imefungwa kwa kitenge, imejaa mpaka shingoni.

"Tuiweke nyuma, mama," Wendelini alisema akitazama kiti chake, kiti cha mbio kilichovaa kitambaa kisichofulika.

"Nyuma si umesema hakuna kitu? Nitaipakata."

Oliva akabaki mlangoni akipunga mkono. Hawajafika mbali, mbuzi akaingia barabarani. Wendelini alikanyaga breki zake mpya, diski pana, mipira ya waya, na hakuna kilichotokea. Alisahau lile alilolisoma mara nyingi: padi za mbio zikiwa baridi hazishiki, zinataka kwanza zipate moto. Alikanyaga kwa miguu miwili. Gari lilisimama likipiga kelele kama nguruwe, na mbuzi akawatazama bila haraka.

"Tumefika?" Mama Gertruda aliuliza.

"Bado, mama. Mbuzi."

"Na nani aliyelia?"

"Breki, mama. Ni nzuri sana zikishapata moto."

Mama Gertruda alilifikiria hilo. "Kama marehemu mume wangu," akasema.

Baada ya hapo Wendelini akawa mtu mwingine. Aliendesha akikanyaga breki kidogo kidogo mpaka zikapata uvuguvugu na kushika. Barabara ikaanza kupanda, kona moja ikizaa nyingine, na katika kila kona alikuwa na macho mawili, moja barabarani na jingine kwenye ile sufuria. Akakumbuka yote aliyojifunza. Punguza mwendo mapema, gari likiwa limenyooka. Achia breki taratibu. Geuza usukani kwa mkono mwepesi. Tazama mbali, pale unapotaka kutokea. Kwenye mapipa alijua mambo hayo kwa kichwa na akayaharibu kwa mguu, kwa sababu ya Edmund na mishikaki. Leo hakuwepo wa kumcheka ila mchuzi, na mchuzi hausamehe.

Stabilaiza ilifanya kazi. Bushi zilifanya kazi. Gari liliingia kona limesimama wima kama limefungwa kwenye reli, na mchuzi ulisogea polepole mpaka ukingoni mwa sufuria, ukafikiri, ukarudi.

"Gari hii haina springi?" Mama Gertruda aliuliza walipopita kwenye kiraka cha lami.

"Inazo, mama. Shokapu ndizo ngumu."

"Zimezeeka?"

"Hapana, mpya. Nimenunua ngumu."

"Laini zilikwisha dukani?"

Alieleza juu ya kona na jinsi gari laini linavyolala upande. Alieleza vizuri, kwa mifano, akatoa mkono kwenye usukani kuonyesha. Alivunja adabu, akageuza macho. Mama mkwe alikuwa amelala, kichwa kimeegemea kioo, mikono imekumbatia sufuria, na kitenge kikavu kabisa.

Wendelini aliendesha akiwa na furaha asiyoweza kumsimulia mtu. Pale uwanjani angezunguka mapipa, wangempigia makofi, wangekula. Hapa bibi asiyeona, aliyeikataa barabara hii miaka yote tangu kifo cha mumewe, alikuwa amelala ndani ya gari lake.

Mbinga walimkuta Celestina gerejini, amevaa, kikapu mkononi, na bodaboda amekwisha mwita. Hakuonekana mtu aliyeshtushwa. Alimsalimia mama yake kupitia dirishani, akapokea sufuria, akapitisha kidole chini ya kitenge, akakitazama, akamtazama mumewe.

"Haikumwagika," akasema.

"Haikumwagika."

"Haya, tangulieni. Mimi nakuja na boda, maana gari yenu imejaa."

Njia ya Litembo ni ya udongo, ina mawe yaliyochomoza, na kwenye jiwe la tatu Wendelini alisikia kitu kikikwaruza tumbo la gari, kwa mbali, kama kucha. Likapita. Akapita la nne na la tano akiwa amebana pumzi. Ndipo akili ikamfungukia: kama Nazari angemwelewa, kama gari lingeshushwa kama alivyotaka yeye, wangekuwa wamekaa hapa juu ya jiwe kama kuku anayeatamia, na madaktari wangefunga masanduku yao. Alicheka peke yake. Mama Gertruda akamwuliza kuna nini. Akasema hakuna, mama, nashukuru tu kwamba gari ni refu.

"Refu?" Mama Gertruda alisema. "Basi macho yangu yana kazi ya kufanya."

Walimpokea kabla ya mchana. Alipoingizwa ndani, Wendelini na Celestina waliketi nje kwenye benchi, wakala mbasa kwa ugali walionunua.

"Nazari alikuuliza," Wendelini akasema hatimaye.

"Aliniuliza."

"Na ulijua nilimaanisha springi."

Celestina alitoa mwiba mdomoni, akauweka pembeni kwa uangalifu. "Baba, miezi miwili nimesikia shusha, shusha. Ningekosaje kujua? Lakini fundi ameniuliza kwa lugha ya Mbinga, nikamjibu kwa lugha ya Mbinga. Ungetaka nimkosoe mtoto wa watu?"

Wendelini alijaribu kukasirika. Alikunja uso, akavuta pumzi, akatafuta neno, na jambo la ajabu, pedali ikazama mpaka chini bila kushika kitu. Hakuwa na hasira. Alimpa mkewe kichwa cha samaki.

Siku ya pili asubuhi bandeji ilitolewa. Jicho moja kwanza, walisema, la pili madaktari watakaporudi. Mama Gertruda alitoka nje ameshikwa mkono na Celestina, akasimama ngazini, akapepesa. Alitazama milima muda mrefu. Akamtazama binti yake, akamgusa ndita za kando ya macho, akasema, "Umekuwa mama mtu mzima, na sikuambiwa." Celestina alilia, na hakuficha.

Kisha Mama Gertruda akaliona gari. "Kumbe ni nyekundu," akasema. Macho yakasogea kwa mtu aliyesimama kando yake, mwenye mvi na ufunguo mkononi. Waliangaliana labda kwa muda wa kumeza mate. Mara Mama Gertruda akavuta khanga ikamfunika uso wote, akageuka upande, akaongea na Celestina kwa sauti ya kusikika na wote.

"Mwambie mkwe wangu sasa namwona. Pale mbele siwezi kukaa tena. Anirudishie kiti changu."

Celestina alimpigia simu Nazari. Nazari siku hizo alikuwa ameingiwa na tahadhari. "Kiti cha nyuma, mama, kile cha barazani? Nikilete Litembo? Litembo yenyewe ya hospitali? Na nikifunge ndani ya gari?" Akahakikishiwa kila neno. Kabla ya mchana ikaonekana bodaboda inapanda, Nazari na spana zake katikati, na nyuma yake kiti kimefungwa kwa mpira, kimekaa wima kama abiria aliyelipa. Akakirudisha pale pale langoni, wagonjwa wakitazama. Uzito mwingi ambao Wendelini aliupunguza kwa mwaka mzima ukaingia ndani ya gari kwa dakika chache, punje mbili za maharage zikiwa bado zimenasa kwenye mshono.

Nazari akafungua buti kuweka spana, akaliona boksi. "Na hili, mzee?"

"Hilo utalirudisha Dar es Salaam," Wendelini akasema. "Nitakuandikia kwenye karatasi, tusije tukaelewana tena."

Mama Gertruda alijikunja akaingia nyuma, akajipanga, khanga usoni, jicho moja likichungulia. Celestina akakaa mbele. Wendelini akawasha, akakanyaga breki mara mbili tatu zipate uvuguvugu, akangoja. Kwa desturi mama mkwe angemtuma binti yake aseme. Safari hii akasema mwenyewe.

"Haya, baba. Nishushe."

"Chini kabisa, mama?"

"Chini kabisa. Tena taratibu, maana sasa naona."